Wanasema nimenuna, kumbe kusema ndiko kunakoniumiza

Assalaam alaykum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Ngamiani hapa Tanga mjini. Mume wangu ni fundi baiskeli, mimi nauza mbaazi za nazi na maandazi barazani kwangu kila asubuhi. Nakuandikia kwa sababu siku hizi kuandika ndiyo njia pekee ninayoweza kutoa maneno mengi bila kutokwa machozi.

Shavu langu la kulia linapigwa shoti. Sina neno jingine la kuliita. Inaanzia kando ya pua, inashuka hadi ufizi wa chini, inakaa sekunde chache inaacha. Nadhani imekwisha, inarudi. Naweza kuwa mzima kabisa, nacheka na wateja, halafu upepo wa bahari ukanipitia usoni, nikashika ukuta. Kutafuna kunaiamsha. Kusema kunaiamsha. Mswaki ndio kabisa, nauangalia tu. Hata udhu umekuwa mtihani: nikifika kwenye kusukutua na kuosha uso mkono unasita, na zipo Alfajiri zilizonipita kwa kuogopa maji.

Mwanzo nilidhani jino. Likang'olewa, maumivu yakabaki pale pale. Nikaambiwa basi ni la jirani yake, nalo likang'olewa. Leo nina pengo na maumivu yangu ninayo. Diklofenaki nimemeza mpaka tumbo linawaka. Nimechomwa sindano za vitamini za mishipa, nimejikanda mafuta ya karafuu, wifi yangu akanipeleka kuandikiwa kombe, nikanywa.

Halafu hospitali nikampata daktari mmoja kijana, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniandikia vidonge vinaitwa kabamazepini. Wallahi Shangazi, haikupita muda nikatafuna chapati. Nikapiga mswaki nikiimba. Nikaona nimepona.

Vilipokaribia kwisha nikaenda duka la dawa kununua vingine, na wifi alikuwa nami. Kijana wa dukani akaitazama pakiti, akauliza kwa sauti: "Mama, nyumbani nani ana kifafa?" Kabla ya magharibi ukoo mzima walikuwa na habari. Mavyaa akauliza kama kwetu kuna watu wa kuanguka. Mume wangu hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikaviacha. Vilivyobaki nimevificha chini ya godoro. Na shoti imerudi kwa kisirani.

Sasa nasema kwa ishara. Mavyaa anakaa nasi, nikimwamkia kwa kichwa anasema nimemnunia. Wateja wanasema nina kiburi. Nikijitanda ushungi mpaka machoni, majirani wanadhani nimepigwa. Juzi mume wangu alinambia mbele ya mama yake, "Kama umenichoka, sema." Na kusema ndiko nisikoweza.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Usiku angalau huniacha nikalala, lakini zipo siku nimeomba nisiamke. Shangazi, nina kifafa? Nimerogwa? Na huyu mume nimwambieje?

Mama wa Barazani, Ngamiani

SHANGAZI ANAJIBU

Wa alaykumu salaam, na marahaba, mwanangu.

Naanzia mwisho wa barua yako. Umeandika kwamba zipo siku umeomba usiamke, ukapita haraka kama mtu anayepita mbele ya wenye kuswali. Mimi sipiti. Daktari ulimweleza habari za shavu. Hili nalo mweleze, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Na leo kabla hujalala mtu mmoja unayemwamini alijue, awe binti yako, awe dada yako. Ukiona wazo hilo limekukalia, usingoje tarehe ya kliniki, mwamshe mtu akupeleke hospitali ya Bombo usiku huo huo. Maumivu ya namna hii yamewafikisha watu wengi hapo ulipofika, watu wenye imani na akili zao timamu. Usijione una kasoro.

Sasa tuje kwenye maswali yako. Mimi si daktari na shavu halipimwi kwa barua, lakini katika yote uliyoandika sijaona hata moja linalofanana na kifafa. Upande mmoja wa uso, shoti ya sekunde chache, upepo na mswaki na maneno kuiamsha, usiku kukuacha ulale: hivyo ndivyo unavyoelezwa ugonjwa wa neva, yaani mshipa wa fahamu, ya tano ya kichwa, ile ambayo wataalamu huiita neva ya trijemini. Nicolas André aliuandika huko Ufaransa mwaka 1756. Wifi akikwambia tena ni jini, muulize ni jini gani hilo lililoanza safari zake Ufaransa mpaka likafika Ngamiani.

Neva hiyo iko moja kila upande. Inatoka kwenye shina la ubongo na kugawanyika matawi matatu: la juu linakwenda kwenye paji la uso na jicho, la kati kwenye shavu na ufizi wa juu, la chini kwenye taya. Hayo mawili ya chini ndiyo yanayosumbua zaidi, na ndiyo sababu wagonjwa wengi huishia kwenye kiti cha kung'olea meno. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na hasa waliovuka miaka 50. Hata upande wa kulia hushikwa zaidi kuliko wa kushoto. Huna ajabu yoyote, mwanangu, uko katikati ya kundi.

Chanzo chake mara nyingi ni mshipa wa damu uliokaa vibaya, ukailalia neva pale inapochomoza kwenye ubongo. Kila moyo ukipiga, mshipa unasugua. Hili mwambie mumeo kwa lugha ya kazi yake: ni tairi linalosugua madigadi, na baiskeli ikitazamwa kwa nje haina tatizo. Miaka ikipita, utando unaoifunika neva unalika, na neva iliyolika utando hupiga kelele ya maumivu kwa mguso mdogo tu. Upepo ni mguso. Ulimi unaogusa ufizi wakati wa kusema ni mguso. Kwa hiyo mtu anayekwambia "jikaze useme" hajui anachokuomba.

Meno yako sitayalilia, yamekwenda. Ila kwa wasomaji wengine wanaoshika mashavu hivi sasa: jino bovu kwa kawaida hupwita, hukaa likiuma muda mrefu, hukuamsha usiku, na likigongwa linajibu. Kama yako ni shoti inayokuja na kukatika, na daktari wa meno amepiga picha hakuona kitu, usikubali jino zima ling'olewe kwa kubahatisha. Omba kwanza upelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu, au hata daktari wa kawaida mwenye subira ya kusikiliza kama yule wako.

Tuje kwenye kabamazepini, maana ndipo mambo yalipoharibikia.

Kijana wa duka hakusema uongo. Ni dawa ya kifafa. Kosa lake ni kuuliza jambo la ndani ya nyumba ya mtu kwa sauti ya mnadani, na tabia hiyo imewaachisha watu wengi dawa zao, si za kifafa peke yake. Lakini ni dawa ya ugonjwa wako pia. Mwaka 1962 daktari wa Uswidi, Sigfrid Blom, alichapisha taarifa kwamba dawa hii, wakati huo ikiwa ngeni, inawatuliza wenye maumivu haya ya uso, na mpaka leo ndiyo inayotangulia kuandikwa kwa ugonjwa huu. Kazi yake ni kuzituliza neva zinazorusha ishara ovyo. Kwa mwenye kifafa vurugu hiyo iko ndani ya ubongo, kwako iko kwenye neva ya uso. Aspirini humezwa na mwenye kuumwa kichwa, na humezwa na mzee mwenye ugonjwa wa moyo, wala sijasikia mavyaa akiuliza kama kwa kina fulani kuna watu wa aspirini.

Na lile la chapati lilinifurahisha kuliko unavyodhani. Dawa za kawaida za maumivu, diklofenaki na wenzake, haziugusi ugonjwa huu. Kabamazepini inapoutuliza upesi namna ile, madaktari huihesabu kuwa ishara moja zaidi kwamba wamelenga penyewe. Yaani yule daktari kijana alipatia, na wewe ukaiacha dawa iliyokuwa inafanya kazi kwa sababu ya swali la dukani. Sikulaumu. Nataka urudi kwake.

Diklofenaki acha leo. Tumbo linalowaka ni onyo, na ukiona choo cheusi kama lami nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sindano za vitamini humsaidia aliyepungukiwa na vitamini hizo. Kama hukupimwa ukaonekana umepungukiwa, umewalipa watu bure. Mafuta ya karafuu usiyapake tena hapo. Ni ya jino, na hata kule kusugua tu kunakuchokoza. Kombe sitalisema vibaya, ni maneno ya Mwenyezi Mungu na moyo unahitaji lake, ila lisishike nafasi ya kidonge.

Dawa hii ina masharti yake na nataka uyajue kabla, usije ukaiacha mara ya pili. Huanzishwa kidogo, kama miligramu 100 mara moja au mbili kwa siku, ikapandishwa polepole mpaka shoti itulie, na kipimo chako anakipanga daktari. Siku za mwanzo italeta usingizi, kizunguzungu, pengine na kichefuchefu. Sufuria la mafuta ya maandazi na kizunguzungu havikai pamoja, kwa hiyo wiki hizo kukaanga akaange mwingine, wewe kaa kwenye kuuza. Jambo la kuogopa kweli ni upele. Ukitokwa na vipele, ngozi ikaanza kubabuka, au vidonda vya mdomo pamoja na homa, unaacha kumeza na kukimbilia hospitali wakati huo huo. Daktari atataka pia damu yako ipimwe mara kwa mara, kwa sababu dawa hii huweza kushusha chumvi ya mwilini na chembechembe za damu.

Nayo hugombana na dawa nyingine. Mwambie daktari kila unachomeza. Huvipunguzia nguvu vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango (wewe pengine umeshavuka huko, lakini binti anayesoma hapa hajavuka), hugongana na baadhi ya dawa za kufubaza virusi na dawa za kuzuia damu kuganda. Erithromaisini, ambayo watu huinunua dukani kwa kikohozi kama wananunua peremende, huipandisha kabamazepini mwilini mpaka ikawa sumu. Balungi nalo lina kisa hicho hicho. Machungwa ya Muheza kula mpaka utosheke, balungi liache.

Kwenye udhu nakujibu kwa kiasi cha elimu yangu, yaliyobaki muulize shehe wa mtaani kwenu. Mgonjwa anayedhurika na maji ana ruhusa ya kutayamamu, na ugonjwa umetajwa wazi katika Suratul Maidah aya ya 6. Tatizo lako ni kwamba hata tayamamu inapangusa uso. Kwa hiyo mweleze shehe ugonjwa ulivyo, hasa kwamba mguso wenyewe ndio unaoumiza, akupe njia. Wakati unangoja jibu lake, jaribu maji ya uvuguvugu, ukiyaweka usoni taratibu kwa kiganja badala ya kuyarusha. Ramadhani ikikaribia, mwulize daktari mapema namna ya kuzigawa dozi kati ya futari na daku. Usijipangie mwenyewe.

Kula, usife njaa ukingoja shavu. Uji wa mchele wa nazi uliopoa kiasi, ndizi mzuzu zilizoiva za kupaka, mbaazi zako mwenyewe zilizopondeka. Tafunia upande mwingine. Mswaki uwe laini, na uutumie saa ile ambayo kidonge kimeshika vizuri. Asubuhi ya upepo jitande ushungi na mumeo akuhamishie meza upande wa ukuta. Majirani wakidhani umepigwa, wadhani. Tena bandika karatasi barazani: "Leo sauti hakuna, mbaazi zipo." Watu wa Tanga wanapenda utani, watanunua.

Mume wako. Nimeisoma ile "kama umenichoka, sema" na simwoni kama mtu mbaya. Namwona mtu aliyenyamaziwa nyumbani kwake, kisha akasikia habari za mkewe kwa dada yake. Wewe ulinyamaza kwa maumivu, yeye kwa aibu, mkamwachia wifi kazi ya kueleza. Umeniandikia mimi nisiyekujua barua nzuri kama hii. Mwandikie na yeye. Iwe fupi: "Sijakuchoka. Nikifungua mdomo napigwa shoti shavuni. Dawa niliyopewa ni ya mishipa ya fahamu, niliiacha kwa kuona aibu. Nataka twende wote kwa daktari akueleze mwenyewe." Mpe wakati mko wawili, si mbele ya mama yake. Kama ana mashaka, akae karibu nawe asubuhi moja ya upepo aone shoti inavyokuja. Anayekuona ukishika ukuta hatakuita mnunaji.

Kwa mavyaa usiende wewe. Mama huambiwa na mwanawe. Mumeo akishaelewa, ndiye wa kumwambia, na amwambie pia kwamba mke wake akiinamisha kichwa na kushika kifua, hiyo ndiyo shikamoo yake kwa sasa. Wazee wetu wanajali heshima kuliko sauti. Akijua hukukusudia kumnyima salamu, nusu ya ugomvi imekwisha. Wifi hahitaji kikao. Atasikia tu, kama alivyosikia mengine.

Ugonjwa huu una tabia ya kupotea miezi, hata miaka, kisha ukarudi. Ukitulia usiseme umepona ukatupa dawa, wala ukirudi usiseme umerogwa upya. Daktari akiona imetulia muda wa kutosha, yeye ndiye atakupunguzia kidogo kidogo. Kabamazepini ikikukataa zipo nyingine, okskabazepini na baklofeni kwa mfano. Mwulize pia kuhusu kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya kichwa, ili ionekane kama kuna mshipa unaosugua au kitu kingine kinachobana, na usichelewe kukiomba ikiwa uso umeanza kufa ganzi, sikio linapoteza usikivu, au maumivu yamehamia pande zote mbili. Dawa zikishindwa kabisa kuna upasuaji: hufunguliwa tundu dogo nyuma ya sikio na kuwekwa kipande laini kati ya mshipa wa damu na neva. Ni operesheni kubwa ya kichwani, lakini imewapa wengi nafuu ya miaka mingi. Hayo ni mazungumzo ya Dar es Salaam, kwenye taasisi ya MOI pale Muhimbili waliko wapasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa ulivyoitikia kidonge sidhani kama tuko huko.

Vile vidonge vya chini ya godoro usivianze kesho asubuhi kwa kipimo kile ulichokuwa umefikia. Umeviacha muda, mwili umeshavisahau, na kurudia dozi ya juu ghafla kutakuangusha kwa kizunguzungu, kisha wifi apate la kusema. Vitoe, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, uende navyo kwa daktari pamoja na mumeo. Na ukinunua vingine, nenda duka ambalo mfamasia anaongea kwa sauti ya chini.